Tembe Aliyoichora Obedi

Mwaka 1995 ilipotangazwa kwamba jimbo la Chilolwe halitakuwapo tena, watu wengi hawakusikitika. Walikuwa na mambo mengine ya kushughulikia. Zama za ruksa zilikuwa zimekwisha kufika mpaka Chilolwe. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, mitumba ilimwagwa chini kila siku ya mnada, na bendera za vyama vipya zilichomoza juu ya mapaa kama uyoga baada ya mvua. Jimbo lingekatwa vipande viwili, kimoja kiende mashariki na kingine magharibi, na jina lake lifutwe. Nani alilie jina?

Obedi Matonya alililia. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa karibu miaka ishirini alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Aliwajua wabunge wote wa Chilolwe tangu wa kwanza. Alijua nani alishinda kwa alama ya Jembe na nani kwa alama ya Nyumba, maana enzi za chama kimoja wagombea walikuwa wawili tu, mmoja akipewa jembe na mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Hayo yote yalikaa kichwani mwake, na kichwa, kama alivyopenda kusema, ni ghala lisilo na mlango. Mwenyewe akifa, nalo limekufa. Ndiyo maana alipofika miaka arobaini na tisa alijiunga na darasa la jioni la watu wazima katika shule ya msingi, akakunja magoti yake marefu chini ya dawati la watoto, akaanza na a, e, i, o, u. Kila siku kabla ya kwenda darasani aliomba ombi lile lile: "Bwana, usinichukue kabla sijaandika."

Kwa hiyo siku ofisi ya kata ilipoleta ujumbe kwamba darasa liandike historia ya jimbo, isomwe kwenye mkutano wa kuliaga, Obedi alihisi Mungu amemjibu waziwazi. Alinyoosha kola ya shati. Alisubiri jina lake.

"Kazi hii nampa Hamidi," alisema Mwalimu Stara.

Hamidi alikuwa mwenye duka karibu na kituo cha mabasi, mtu wa miaka thelathini na nane, mtoto wa marehemu Mzee Abbasi. Ukoo wao ulikuwa wa Waislamu wa mjini, watu ambao mababu zao walikuja na misafara ya zamani wakaweka kambi na wasiondoke tena. Alikuja darasa la jioni kujiendeleza tu, kwani la saba alikuwa amemaliza. Na mwandiko wake! Ulikuwa umelala upande mmoja, herufi zimeshikana mikono kama watoto wanaokwenda shule.

"Mzee Obedi," mwalimu aliendelea kwa upole, "wewe utakuwa kumbukumbu, Hamidi atakuwa mkono. Wewe unasimulia, yeye anaandika. Mnaonaje?"

Kabla Obedi hajajibu, Swaumu, muuza maandazi, alipaza sauti kutoka dawati la nyuma. "Mwalimu, hapo umempa mmoja jembe na mwingine mavuno!"

Darasa zima likacheka. Obedi naye alicheka, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka.

Nyumbani alimkuta mkewe Anitha anasonga ugali wa uwele. Alimweleza, akitarajia kuonewa huruma.

"Mwalimu hajakosea," alisema Anitha. "Hamidi ana mwandiko, jamani. Umeliona lile bango la dukani kwake? Mpaka unatamani kununua hata usichohitaji."

"Hamidi, Hamidi! Mpaka jikoni kwangu Hamidi!"

"Baba Gideoni, kula, ugali unapoa. Wivu haujawahi kuwa mboga."

Alikula, lakini kila tonge lilipita likikwaruza. Usipojua wivu ulivyo, mwombe Mungu usiujue. Hauji na pembe. Huja umevaa nguo ya haki. Obedi hakujiambia kwamba anamwonea mtu kijicho. Alijiambia kwamba ameonewa. Nani alitembea kijiji kwa kijiji akiwafundisha watu kupiga kura? Nani aliyesindikiza sanduku la kura mwaka ule korongo lilipofurika? Na leo historia hiyo itoke kwenye kalamu ya mtu aliyekuwa bado mtoto!

Jumanne alikwenda dukani kwa Hamidi kusimulia. Hamidi alimpokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

Akamwekea kiti barazani, akamletea soda, akafungua kaunta buku jipya kabisa. Obedi aliitazama ile kalamu. Ilikuwa ya wino, yenye kofia inayong'aa.

"Tuanze na mwaka sitini na tano, mzee. Ilikuwaje?"

Sanduku lilivuka korongo juu ya punda, na punda akakataa katikati ya maji, na msimamizi akalia kama mtoto. Hayo yote yalifika mdomoni mwa Obedi, akayameza. Kwa nini ampe bure?

"Kulikuwa na uchaguzi," alisema. "Mtu akashinda."

"Basi?"

"Basi."

Hamidi aliandika mstari mmoja. Hata mstari huo ulikuwa mzuri, na uzuri wake ulimkera Obedi. Wakafika mwaka 1970. Hapo Hamidi aliweka kalamu chini.

"Mwaka huu ni wa nyumbani, mzee. Baba yangu ndiye aliyekuwa Nyumba."

"Najua."

"Alishindwa kwa kura sitini na tatu. Lakini hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni kijiji cha Ilewelo. Mwaka mmoja kabla, kulipokuwa na njaa, alikuwa amewapelekea mahindi. Wanawake walimpigia ngoma. Uchaguzi ulipofika, Ilewelo akapata kura nne. Nne, mzee! Mwenzake mia mbili na kumi na moja. Aliiona karatasi kwa macho yake." Aliifunga kofia ya kalamu. "Mama alituambia walimkataa kwa sababu ni Mswahili wa mjini, tena Mwislamu. Hakukanyaga Ilewelo tena mpaka anakufa. Wewe ulikuwa mjumbe huko. Ni kweli?"

Kulikuwa na jibu moja la haki, na Obedi alikuwa nalo. Alilibeba kwa miaka ishirini na mitano. Lakini aliitazama kalamu ile, na yale mavuno ya Swaumu yakamlia masikioni.

"Ndivyo ilivyosemwa," akajibu.

Maneno hayo hayakuwa uongo. Ndivyo kweli ilivyosemwa. Lakini shetani hahitaji uongo mzima. Nusu ya ukweli inamtosha kujengea nyumba.

Ukweli ulikuwa huu. Mwaka 1970 Obedi, mjumbe wa miaka ishirini na saba, asiyejua kusoma, alitumwa kuwafundisha watu wa Ilewelo alama za uchaguzi. Hakupewa karatasi ya mfano. Aliambiwa tu: mmoja ni Jembe, mwingine, Bwana Abbasi, ni Nyumba. Akawaketisha watu mahali peupe, akachora mchangani kwa fimbo. Kwanza jembe. Kisha nyumba, kama alivyoijua yeye na kila mtu pale: tembe, ndefu, paa bapa la udongo, mlango mmoja. "Mkiiona hii," akasema, "ndiyo Abbasi." Wakapiga vigelegele.

Siku ya kura walipanga foleni tangu alfajiri. Wakaingia chumbani mmoja mmoja, wakatazama karatasi, wakatafuta tembe. Hawakuiona. Waliona jembe, na waliona jengo lenye paa lililochongoka. Pale Ilewelo jengo la namna hiyo lilikuwa moja tu, kanisa la misheni. Waliotoka waliwanong'oneza waliokuwa wakingoja: "Nyumba hawakuiweka. Kuna jembe na kanisa." Wakafikiri kwa akili nzuri kabisa. Abbasi ni Mwislamu. Hawezi kupewa kanisa. Basi jembe ndilo lake. Wakapiga kura, wote kwa upendo, wakampa mpinzani wake.

Obedi alipiga kura mwisho, jioni. Alipoiona ile picha, akajua alichokifanya. Angeweza kumwambia msimamizi. Angeweza kumwambia Abbasi. Aliogopa kuvuliwa ujumbe, akanyamaza. Kesho yake ikawa ngumu zaidi kusema, na keshokutwa ngumu zaidi, na miaka mitano baadaye, wapiga kura walipoonyeshwa picha halisi, hakuna aliyeuliza tena, naye akajidanganya kwamba jambo limekufa.

Alhamisi Hamidi alisimama mbele ya darasa akasoma alichoandika. Ukurasa wa kwanza ulianza hivi: "Habari hizi nimezipata kwa Mzee Obedi Matonya, mwalimu wa kwanza wa wapiga kura wa jimbo hili, ambaye watu wengi walijifunza kuchagua viongozi kupitia mkono wake." Darasa likapiga makofi. Swaumu akaguna, "Haya, mzee, na wewe umepata debe lako."

Jina lake! Limeandikwa kwa wino, kwa mwandiko ule. Ombi la miaka mitatu lilikuwa limejibiwa, naye alikaa pale kama mtu aliyeletewa zawadi ya mwenzake.

Kisha Hamidi akafika mwaka 1970. "Watu wa Ilewelo hawakumtaka mgombea wa Nyumba," alisoma, "kwa kuwa hawakumwona kuwa mwenzao." Sauti ilimtetemeka hapo, akakohoa kuificha.

Obedi aliisikia ile sauti ikitetemeka, na kwa kitambo kifupi, kifupi mno, akaona utamu. Mwenye mwandiko mzuri naye ana pa kuumia. Utamu ulipopita, alijitazama akaogopa. Hakuwahi kujua kwamba ndani yake kuna mtu wa namna hiyo.

Siku mbili hakuweza kuomba. Alipiga magoti, maneno hayakuja. Alichosikia kichwani ni mtu anayesoma mstari ule ule. Jumapili alikwenda kanisani na Anitha. Wakati wa kwenda mezani kwa Bwana ulipofika, alipanga foleni na wengine. Waumini watatu wakabaki mbele yake, kisha wawili. Akatoka kwenye foleni.

"Unaumwa?" Anitha alimnong'oneza, akimshika mkono.

"Naumwa," alisema. "Nenda wewe. Mimi nina mtu wa kumwona kwanza."

Alikwenda moja kwa moja dukani. Hamidi alikuwa anapanga sabuni. "Shikamoo, mzee. Leo hamsali?"

Obedi hakuitikia. Alichuchumaa mbele ya baraza, akachora mavumbini kwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Tembe," alisema Hamidi, akicheka kidogo.

Akachora nyingine pembeni, yenye paa lililochongoka. "Na hii?"

"Nyumba."

"Mwaka sabini, pale Ilewelo, hii tuliiita kanisa. Na ile ya kwanza ndiyo niliyowaonyesha mimi. Mimi, kwa mkono huu uliousifu." Akaeleza yote, bila kuinua macho: foleni, minong'ono, jembe, jioni ile, kimya chake. Mwisho akasema, "Hawakumkataa baba yako. Walimtafuta wakamkosa."

Hamidi alisimama na mche wa sabuni mkononi. Mteja alikuja, akatazama, akaondoka.

"Jumanne nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukanijibu ndivyo ilivyosemwa. Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

"Wivu wa nini, mzee? Duka hili? Rafu zenyewe nusu tupu!"

"Wa mwandiko."

Hamidi alitoa kicheko kimoja, kikavu kama kukohoa. "Baba yangu alikuwa akipita njia ya Ilewelo anageuza uso upande wa pili. Alikufa mwaka themanini na mbili. Hakuna mtu hata mmoja wa Ilewelo aliyekuja kuzika, na sisi tukasema: unaona? Walimchukia mpaka kaburini. Kumbe huenda wao walifikiri yeye ndiye aliyewachoka! Na wewe ulikuwa unapita hapa kununua chumvi."

"Ndiyo."

"Unapita hapa, nakuamkia, unaitikia marahaba."

Hamidi aliingia ndani, akatoka na kaunta buku. Akauchana ukurasa wa mwaka 1970, akaukunja, akautia mfukoni. Kisha akalisukuma daftari mbele.

"Andika wewe."

"Mwandiko wangu mbaya, Hamidi. Nitaliharibu daftari."

"Ndiyo, mbaya. Andika hivyo hivyo."

Ilimchukua jioni tatu. Ulimi nje, mgongo umepinda, huku Anitha akimshikia karatasi isiteleze. Herufi zake zilisimama kila moja peke yake kama wachungaji waliogombana. Mwalimu Stara alipouona ukurasa ule, aliusoma mara mbili kimya. Kisha akasema labda Hamidi aunakili vizuri, ili daftari lipendeze.

"Hapana, mwalimu," alisema Hamidi. "Huo ni wake." Tangu Jumapili ile alikuwa hajamwamkia Obedi. Waliingia darasani wakipishana mlangoni, na ile shikamoo isiyosemwa ilimlemea Obedi kuliko tusi.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa shule. Hamidi alisoma tangu mwanzo, vizuri, na watu wakafurahi. Alipofika mwaka 1970 alimpa Obedi daftari, akakaa.

Obedi alisoma kwa kidole, neno kwa neno. Alikwama mara nyingi. Hakuna aliyecheka. Alimaliza na sentensi ya mwisho: "Kosa lilikuwa langu, na kunyamaza kulikuwa kosa kubwa zaidi."

Mwanamke mmoja mzee alisimama kutoka upande wa watu wa Ilewelo. Aliitwa Sila. "Mwenyekiti, naomba kusema. Mimi nilikuwamo. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Tuliitafuta hiyo tembe, tukageuza karatasi nyuma, labda wameichora nyuma! Haikuwapo!" Watu wakaangua kicheko, hata yeye mwenyewe, kisha akaacha kucheka. Akamtazama Hamidi. "Wewe ndiye mtoto wa Abbasi?"

"Ndiyo, bibi."

"Alikufa akidhani tumemkana?"

Hamidi aliinamisha kichwa kukubali. Sila akakaa chini, akajifunika kanga usoni.

Siku nane baadaye, asubuhi, watu wa Ilewelo waliingia Chilolwe mjini kwa miguu, yapata arobaini, wengi wao wazee. Walibeba uwele, karanga na jogoo wawili. Walipofika mbele ya nyumba ya Hamidi walisimama nje, kama watu wanavyosimama penye msiba.

"Mbukwenyi," Sila alisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa," Hamidi aliitikia, na ilijulikana kwamba baba yake alimfundisha.

"Tumekuja kuhani msiba," alisema Sila. "Tumechelewa miaka kumi na mitatu. Hatukujua kama tunakaribishwa."

Hamidi alitandika mikeka, ya ndani na ya jirani. Obedi alikuwa amewafuata kwa mbali. Wote walipokwisha kuingia, alibaki amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hamidi alimwona. Alimtazama muda mrefu.

"Karibu," alisema. "Ingia."

Hakusema shikamoo. Obedi hakuitegemea. Akaingia, akakaa karibu na mlango.

Wazee wakaanza kumkumbuka Abbasi. Mmoja alisimulia alivyofika na mahindi akiwa amepakwa unga mpaka kwenye kope. Mwingine akaigiza alivyocheza ngoma ya wanawake, vibaya, akipiga mguu usiotakiwa. Sila aliimba ule wimbo wenyewe waliomwimbia, na sauti yake ya uzee ikapata nguvu. Hamidi alikaa katikati yao, kidevu mkononi, macho yamejaa, akisikiliza kama mtoto anayerudishiwa kitu alichofikiri kimepotea.

Obedi alimtazama. Baba yake mwenyewe alizikwa siku moja na watu kumi, akasahaulika. Wa Hamidi leo alikuwa analiliwa mara ya pili, na kijiji kizima. Akahisi kile kidudu cha wivu kinatikisika tena ndani yake, kile kile. Hakushangaa. Aliinamisha kichwa akaomba kwa maneno machache, kwa kuwa sasa yalikuwa yanakuja: "Bwana, bado kimo. Kishike wewe."

Alipoinua uso, Hamidi alikuwa mbele yake ameinama, amemshikia kikombe cha chai ya tangawizi.

"Uchaguzi," alisema Hamidi kwa sauti ya chini. "Mwaka sitini na tano, ulipokatisha. Ilikuwaje?"

Obedi akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Sanduku la kura tulilivusha korongo kwa punda," alisema. "Lakini punda akakataa katikati ya maji."